Baridi ya Lubumbashi: kazi za mvuvi wa ndoana kuanzia Mei hadi Agosti

Kuanzia katikati ya Mei, mtu wa Lubumbashi akitoka alfajiri na fimbo yake kwenda kuvua, mara nyingi hurudi na mafua tu. Maji yamepoa, samaki wametulia chini, na ule upepo wa kusini-mashariki haumwachi mtu akae kitako ukingoni. Wengi hapo hutundika vifaa ukutani mpaka Septemba. Joto likirudi ndipo wanapogundua kwamba mshipi umekufa, mulinete, ile mashine ya kukunjia mshipi, imekwama na ndoana zimeshikana kwa kutu. Wabishi nao wanaendelea kwenda kila Jumapili kwa saa zilezile walizozoea mwezi wa Novemba, na wakikosa wanalaumu mwezi, jirani, hata ndoto za usiku.

Mwongozo huu ni wa wanaovua kwa ndoana na mshipi, wawe wa mwanzi au wa mulinete. Wa nyavu wana hesabu zao. Nautoa kwa kufuata miezi, kwa sababu kazi za Mei ukizifanya Julai umechelewa.

Ujue kwanza baridi inafanya nini majini

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikikatika Aprili, mawingu yanaondoka, na joto la mchana halina kitu cha kulizuia usiku lisipande angani. Usiku wa Juni na Julai mara nyingi unashuka chini ya nyuzi 10, halafu mchana wake unafika nyuzi 25 hivi. Tofauti hiyo ya usiku na mchana ndiyo ufunguo wa msimu mzima.

Samaki hana joto lake mwenyewe, anachukua joto la maji. Tilapia anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 anapunguza sana, na yakikaribia 16 anakuwa kama aliyefunga saumu. Kambale hapishani naye sana. Si kwamba samaki wamehama au wameisha. Tumbo lao linafanya kazi polepole, na kipande kimoja cha chakula kinawatosha muda mrefu.

Jambo la pili: maji ya kina kifupi hupoa haraka usiku na hupata moto haraka mchana. Maji ya kina yanabadilika polepole. Kwa hiyo usiku tilapia anashuka kwenye kina, na jua likishakaa vizuri anapanda kando kujipasha na kudonoa kidogo. Anayelijua hilo haendi alfajiri.

Msimamo wangu ndio huu: Juni na Julai ni miezi ya kazi za mikono na ya kusoma maji. Kuvua kwenyewe kumebakiwa na saa tatu au nne za mchana, na hizo saa zina adabu zake.

Mei: kata mwanzi

Kama unavua kwa mwanzi, anza hapa. Mwanzi mzuri hukatwa mvua zikishaisha, mwanzoni mwa kiangazi. Wakati huo machipukizi ya mwaka yameshakula akiba ya wanga iliyokuwa kwenye shina. Wanga ndio unaowavuta wadudu watobozi, wale wanaokuachia vumbi jeupe chini ya fimbo kila asubuhi mpaka siku inakatikia mkononi.

Usikate mwanzi mchanga. Mchanga unang'aa, bado una maganda, na ukipitisha kidole chini ya kifundo unatoka na unga mweupe. Unaoutaka una miaka mitatu hivi: rangi imefifia, maganda yamedondoka, una madoa ya kijivu, na ukiugonga kwa kisu unatoa mlio mkavu. Unene wa kidole gumba kwenye shina, urefu wa mita tatu na nusu hadi nne, unatosha kwa mabwawa na mito ya huku kwetu. Mwenye shamba aombwe kwanza, hata kama mianzi imejaa mpaka inalalia njia. Ukate mara moja tu, juu kidogo ya kifundo, ili kisiki kisibaki na kikombe cha kukusanya maji na mbu. Vijitawi viondolewe kwa msumeno mdogo au kisu kikali. Ukivipasua kwa mkono vinachuna ngozi ya mwanzi, na hapo ndipo utakapokatikia.

Ukaushe kivulini, si juani. Jua kali linapasua. Tundika mwanzi ncha ikitazama chini, funga nusu tofali kwenye ncha ili uzito uunyooshe, uache wiki tano au sita. Hewa kavu ya Juni inafanya kazi hiyo vizuri kuliko ya mwezi mwingine wowote. Ukiwa na nafasi chini ya paa la jiko la nje, moshi utakusaidia kufukuza wadudu.

Baada ya hapo unyooshe kwa moto. Washa mbabula, yaani jiko la makaa, subiri makala yawe mekundu bila ndimi za moto. Shika sehemu iliyopinda juu ya makala, zungusha bila kusimama, mpaka ngozi ianze kutoa jasho lenye mafuta. Hapo mwanzi umelainika. Ukandamize gotini kwa kitambaa kinene, upande wa pili kidogo kupita unyofu, ushikilie, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji baridi ili ushike umbo. Endelea na kifundo kinachofuata. Usikawie kwenye pingili moja: hewa iliyofungwa ndani ikipata moto inapasua mwanzi, na mlio wake utawatoa majirani nje.

Wakati wa kufunga mshipi, usiufunge kwenye ncha peke yake. Uanzie kwenye shina, uuzungushe kando ya fimbo, uufunge katikati, halafu kwenye ncha. Ncha ikikatika siku umeshika kambale mzito, bado unaye. Wazee wa mto Luapula wanafunga hivyo, na sijaona sababu ya kuwabishia.

Mulinete na mshipi

Mwenye mulinete aifungue angalau mara moja kwa mwaka, na wakati wake ni huu. Tandaza kitambaa cheupe mezani, panga vipande kwa mpangilio ulivyovitoa, na upige picha kwa simu kila hatua. Bila picha utabaki na skrubu moja isiyo na kwao. Grisi ya zamani iondoe kwa mswaki na mafuta ya taa kidogo. Petroli iache, inakula plastiki. Kausha, paka grisi mpya nyembamba kwenye meno, tone moja la mafuta mepesi kwenye egemeo la mkono na kwenye kile kigurudumu kinachopitisha mshipi. Watu wengi wanaongeza kwa sababu wanaona mafuta ni baraka. Yakizidi yanakusanya mchanga wa mto Lufira na kuusaga ndani. Mwisho, legeza breki kabisa kabla ya kuitundika, ili vile visahani vya ndani visibaki vimekandamizwa miezi mitatu.

Mshipi wa naironi hauozi kwa maji. Unauawa na jua na mikwaruzo. Upitishe wote kati ya vidole viwili ukiwa umefumba macho: mahali penye mikwaruzo utapasikia. Kisha upime. Chukua bidoni, yaani dumu, ya lita 5, tia maji, na ukumbuke kwamba lita moja ni kilo moja. Mshipi ulioandikwa kilo 4, ukiwa na fundo zuri, unapaswa kuinua lita 3 bila wasiwasi. Ukikatikia kwenye fundo, kosa ni la fundo. Ukikatikia katikati, mshipi huo umalizie kazi ya kufungia nyanya bustanini.

Si lazima ununue mpya wote. Kwa kawaida ni ile sehemu ya mbele tu iliyochoka. Ya ndani haijawahi kuona maji. Utoe wote, uzungushe kwenye miti miwili, kisha uanze kuurudisha kwa kuingiza kwanza ule upande wa mbele uliochoka. Sasa mzima uko nje, na mchovu uko chini kabisa ambako hautaguswa.

Fundo la ndoana lifanyie mazoezi jioni ukiota moto, mpaka uweze kulifunga vidole vikiwa vimeganda. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara tano, irudishe kwenye kale kakitanzi kaliko karibu na tundu, halafu uipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichotokea. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Naironi kavu ikisuguana inapata moto, na moto huo unalidhoofisha fundo kabla samaki hajaligusa. Vuta polepole mpaka mizunguko ikae ubavu kwa ubavu.

Ndoana, boya na chubwi

Hapa sitakaa. Ndoana ijaribu kwenye ukucha wa gumba: iburute bila nguvu, ikiteleza ni butu, ikinata ni kali. Butu inolewe kwa tupa ndogo kuelekea nchani. Iliyoliwa na kutu itupwe, na isitupwe ukingoni ambako watoto wanapita miguu mitupu. Zilizobaki zipake mafuta, zifunge kwenye kopo kavu lenye punje chache za mchele wa kunyonya unyevu.

Maboya ya baridi yawe madogo. Tilapia wa Julai havuti, anafyonza tu, na boya kubwa halitakuambia lolote. Mwiba wa nungu ni mzuri kuliko mengi yanayouzwa. Ukikosa, tumia shina la unyoya wa kuku mkubwa, au kipande chembamba cha kandambili kuukuu kilichochomekwa kijiti. Upake ncha rangi nyekundu. Kwa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, nati ndogo za gereji zinatosha. Kuyeyusha risasi jikoni, moshi wake ukiwafikia watoto, ni jambo ambalo sitamfundisha mtu.

Minyoo ya kwenye karai

Kiangazi ardhi inakauka na nyungunyungu wanashuka mbali. Mwenye jembe anaweza kuchimba asubuhi nzima na kupata wawili. Kwa hiyo wafuge, na uanze Mei kabla hawajazama.

Chukua karai kuukuu au kreti, toboa matundu machache chini, tandika majani makavu, kisha udongo mweusi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe ya zamani. Mavi mabichi yanapata moto na kuwaua. Juu yake weka maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Usiwape chumvi, ndimu, pilipili wala mabaki yenye mafuta. Nyunyiza maji mpaka udongo ukiukamua utoe tone moja au mawili, si zaidi. Weka kivulini, na usiku funika kwa gunia, kwa sababu wao pia baridi inawalegeza.

Mbegu utaipata kwenye bustani za mboga za mabondeni, zile zinazomwagiliwa kiangazi chote, au kando ya bomba linalovuja. Bustani ina mwenyewe. Ukifika, salimu: “Jambo yenu, mama. Naomba kutafuta minyoo pembeni ya tuta, nitarudisha udongo kama nilivyoukuta.” Mara nyingi utaruhusiwa, na ukirudi Septemba na tilapia mmoja wa shukrani utaruhusiwa miaka yote.

Chambo cha pili ni bukari, yaani ugali. Kanda unga wa mahindi uliosongwa mgumu, ongeza unga wa mihogo kidogo ili ushikane, na unga wa karanga kwa harufu. Ndani yake chana nyuzi chache za pamba. Zinauzuia usiporomoke kwenye ndoana. Mchwa pia wanafaa: kichuguu kidogo kilichobomolewa pembeni kinatoa wa kutosha, na mchwa wenyewe watalifunga tundu.

Juni: kusoma maji

Hii ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo isiyofanywa. Wakati wa mvua maji yamejaa na ni ya matope, huoni kitu. Juni mto umeshuka na umesafika. Ukisimama mahali pa juu mchana, jua likiwa nyuma yako, unaona magogo, mashimo, mipaka ya mchanga na majani. Kila unachokiona sasa ndicho kitakachoficha samaki maji yakirudi.

Nenda bila fimbo, angalau mara ya kwanza. Ukiwa na fimbo utavua, hutatazama. Beba daftari, kalamu ya risasi, na kamba nyembamba yenye fundo kila nusu mita, mwisho wake jiwe au chubwi nzito. Chini ya chubwi paka grisi au sabuni iliyolainika. Ukiishusha mpaka chini na kuipandisha, fundo lililolowa linakuambia kina, na kilichonata kwenye grisi kinakuambia sakafu: matope meusi, mchanga, changarawe, au majani yaliyooza. Changarawe na mchanga mgumu ni mahali pa kurudi. Matope meusi yanayonuka ni ya kambale.

Chora ukingo kama ulivyo, weka alama ya mti au mwamba usiohama, na uandike vina kutoka hapo. Mchoro usiwe mzuri, uwe wa kweli. Tafuta hasa mahali ambapo kina kifupi kinaanguka ghafla kuwa kirefu. Samaki wa baridi anakaa kwenye mpaka huo, maana hatua chache zinamtoa kwenye kitanda na kumfikisha juani.

Kwenye maji ya kina kifupi tazama pia viota vya zamani. Dume la tilapia huchimba sakafu kwa mdomo, na alama zake zinabaki: mabeseni ya mviringo, au vilima vidogo vya matope vilivyosawazishwa juu. Juni vimeachwa, havina mtu. Andika mahali vilipo. Maji yakipata moto wataanza tena sehemu za aina hiyohiyo.

Kama una kipimajoto, hata kile rahisi cha dukani, kifunge kwenye kamba na ukishushe kwenye kina mbalimbali, uache dakika tatu, ukipandishe haraka. Andika saa na nyuzi. Ukifanya hivyo asubuhi na tena alasiri mahali pamoja, hutahitaji mtu wa kukushawishi ulale mpaka jua lipande.

Kuhusu mahali pa kwenda, Kipopo iko karibu na mji, na ni maji yenye historia: huko ndiko tilapia walikofugwa kwenye mabwawa ya utafiti miaka ya 1940, mji ukiitwa bado Élisabethville. Uliza ruhusa kwa wenye eneo. Tshangalele, ziwa lililotokana na bwawa la Mwadingusha la mwaka 1930 kwenye mto Lufira, ni pana lakini la kina kifupi. Baridi inaligusa lote, ila mchana wenye jua vighuba vyake visivyo na upepo vinapata moto mapema. Mwenye nauli ya kufika Kasenga atanufaika na jambo moja la wazi: bonde la Luapula liko chini ya mji wetu kwa karibu mita 300, na maji yake ni ya vuguvugu zaidi. Mimi Julai ningechagua huko. Ng'ambo ni Zambia, na sheria ya kufunga uvuvi ya huko ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo haikugusi wakati wa baridi. Lakini upande wowote ule, uliza ofisi ya mazingira na mwenye ardhi kabla ya kutupa ndoana.

Mto Lubumbashi na Kafubu nisiviache bila neno. Maji yanayopita karibu na kiyeyushio cha shaba na yanayopokea mifereji ya viwanda yamepimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na madini mazito yamekutwa kwenye maji, kwenye tope na kwenye samaki. Huko fanya mazoezi ya kutupa mshipi ukitaka. Samaki wake usimpelekee mama watoto.

Julai: kuvua mchana

Fika ukingoni saa nne asubuhi, uanze saa tano, uondoke saa tisa alasiri. Siku nzuri ni ile ya tatu au ya nne mfululizo ya jua bila upepo mkali. Siku ya kwanza baada ya wimbi la baridi, kaa nyumbani unyooshe mwanzi.

Kukaa kwako kuna hesabu. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, hata saa sita mchana. Ukikaa ukingo wa kaskazini ukitazama kusini, kivuli chako kinalala juu ya maji, na kwa maji haya meupe tilapia anakiona kabla hujachomeka chambo. Kaa ukingo wa kusini, utazame kaskazini. Kivuli kitabaki mgongoni. Jua litakupiga usoni, vaa kofia. Kwenye ziwa lenye upepo wa kusini-mashariki kuna mvutano kidogo, kwa sababu upepo unasukuma maji ya juu yenye joto kwenda kaskazini-magharibi. Hapo tafuta ghuba ya upande huo, na ukikosa ukingo unaofaa, kaa chini, nyuma ya matete, kivuli chako kikiwa kifupi.

Mshipi uwe mwembamba, milimita 0.18 hadi 0.22, na ndoana namba 10 hadi 14. Chambo kidogo kama punje ya mahindi, au nusu mnyoo. Boya lizame karibu lote, libaki tu ule wekundu. Anza kwenye ule mpaka wa kina ulioandika Juni, chambo kikiwa kiganja kimoja juu ya sakafu. Jua likizidi, sogea kwenye kina kifupi zaidi.

Chakula cha kuvutia samaki, yaani ile pumba au machicha ya pombe tunayotupa majini, wakati wa joto unatupa kwa ukarimu. Sasa ni konzi ndogo moja, basi. Samaki mwenye tumbo zito akishiba pumba yako hana haja na ndoana yako.

Boya halitazama. Litatikisika kidogo, au litainuka kwa upana wa kucha, au litatembea pembeni bila sababu. Hapo inua kwa kiganja, usivute kwa bega. Samaki aitwaye makobo ndiye tofauti: yeye ni mwindaji wa macho, na maji meupe yanamfaa. Mchana wenye jua atafuata samaki wa bandia mdogo anayevutwa polepole sana kando ya majani. Unavyodhani ni polepole, punguza tena.

Saa hizohizo ninazokushauri ndizo mamba wa Lufira na Luapula wanazotoka kuota jua kwenye mchanga, naye ana sababu ileile ya samaki. Usivue peke yako huko, usisimame majini, usisafishe samaki ukingoni, na kabla ya kukaa uliza wenyeji. Kiboko njia yake ya kupandia utaiona imechimbika. Usikae juu yake. Na moto uliowasha wa kuota au wa kuchoma samaki, uumwagie maji mpaka majivu yapoe mkononi. Nyasi za Julai hazingoji upepo mara mbili.

Mwisho wa Agosti

Usifuate kalenda, fuata maji. Pima asubuhi, si alasiri: asubuhi maji ya kando yakifika nyuzi 20 kwa siku kadhaa mfululizo, msimu umegeuka. Bila kipimajoto, tazama madume: wakianza kusafisha viota kwenye kina kifupi na kufukuzana, joto limeingia. Hapo rudisha ndoana kubwa kidogo, ongeza pumba, na uanze kuamka mapema tena.

Katika wiki hizo za kwanza, tilapia jike ukimtoa majini akatema mayai au vitoto, mrudishe haraka palepale, bila kumweka kwenye ndoo. Anawalea mdomoni, na tangu alipoanza kuwalea hali chakula sawasawa. Nyama yake yenyewe ni nyepesi. Dume lililoko kiotani linashika ndoana kwa hasira, si kwa njaa, na mtu anaweza kuvua kiota hadi kiota mpaka ukingo ukabaki mtupu. Chukua wawili watatu wa sufuria ya jioni, uhame ukingo mwingine.